Methanoli ya dumu lililofungwa kutoka duka la kemikali Vingunguti: maoni ya mwenye mashine ya kusaga

Kila siku naulizwa kama methanoli ya dumu lililofungwa inafaa kutengenezea biodizeli, yaani dizeli inayotokana na mafuta ya kula, basi nianze na jibu. Inafaa, na mtu anayetengeneza biodizeli kwa matumizi yake asinunue tena methanoli ya kupimiwa kutoka pipa lililo wazi. Ninazungumzia madumu ya lita 20 yanayokuja na sili ya kiwandani, yanayouzwa kwenye duka la kemikali za viwandani upande wa Vingunguti, kule ambako akina mama wa sabuni hununua kostiki. Jina la duka siliweki hapa kwa sababu hili si tangazo. Ukiuliza wauzaji waliosajiliwa na Mkemia Mkuu utaelekezwa kwa zaidi ya mmoja, na mambo ninayoyapima hapa unaweza kuyadai kwa yeyote kati yao.

Mashine yangu iko Mlandizi. Ina mota ya umeme, na pembeni kuna injini ya dizeli ya silinda moja, zile za muundo wa Lister, kwa ajili ya siku umeme ukikatika na wateja wamepanga foleni na mahindi yao. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa nayachukua kwa vijana wa chipsi. Wengi wao wanatumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na kwa joto la Pwani biodizeli yake inabaki majimaji mwaka mzima. Anayefikiria kufanya hivi Makete au Mbeya mjini ajue kwamba biodizeli ya mawese huanza kuganda baridi ikishuka kwenye nyuzi 15 hivi, na asubuhi ya Juni atakuta chujio limeziba.

Katika kazi yote hii, ya kuchanganya mafuta na methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu) na potasi ili kupata biodizeli juu na gliserini chini, methanoli ndiyo kitu kimoja usichoweza kukiokota mtaani. Mafuta machafu yapo. Potasi (hidroksidi ya potasiamu) na kostiki (hidroksidi ya sodiamu) zipo, watengeneza sabuni wametusaidia hapo. Methanoli inatoka nje ya nchi, na ndiyo inayoamua kama utapata dizeli au ndoo ya uji wa sabuni. Inatengenezwa kwa gesi asilia, nasi gesi ya Songo Songo tunayo Dar tangu 2004, ila methanoli tunaendelea kuiagiza. Dumu nililonunua mara ya mwisho lilikuwa na lebo ya Saudi Arabia.

Sasa huduma. Dada wa kaunta hakuwa na haraka ya kuniuzia, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

“Mama, methanoli unakwenda kuifanyia nini?”

“Biodizeli, mwanangu. Ya mashine ya kusaga.”

“Unachanganya na kostiki au potasi?”

Nikamwambia potasi. Akaniomba kitambulisho cha NIDA, akaandika kwenye daftari jina, simu, kiasi na matumizi. Cheti cha usajili kimetundikwa ukutani nyuma yake, mahali mteja anaweza kukisoma bila kuomba. Akaniambia wapo wanaofika wakidai ni ya kusafishia vyombo, ukiwauliza vyombo gani wanaondoka. Nilimwelewa kabisa. Mei 2014 kwa majirani zetu Kenya, maeneo ya Embu, Kiambu, Makueni na Kitui, watu kwa makumi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Muuzaji asiyeuliza swali lolote anauza sumu hiyo kwa yeyote mwenye fedha mkononi. Kuna wateja wanaolalamika kwamba duka hili lina maswali mengi. Mimi ningependa yawe mengi zaidi.

Lebo ya dumu imekamilika: alama ya moto, alama ya fuvu, alama ya madhara ya muda mrefu mwilini, namba ya UN 1230, na usafi wa asilimia 99.85. Hiyo 1230 ikariri. Ndiyo namba ya methanoli duniani kote, na kama haipo kwenye chombo usichukue hata kama muuzaji ni shemeji yako. Niliomba karatasi ya usalama wakanipa, ingawa ilikuwa fotokopi iliyofifia kiasi kwamba sehemu ya huduma ya kwanza ilibidi niisome juani. Hapo nawakata alama, kwa sababu ndiyo sehemu mtu ataihitaji akiwa hana muda wa kukodoa macho.

Lebo peke yake hainitoshi, kwa hiyo nilipima. Haidromita ya fundi betri haifai, inasoma vimiminika vizito kuliko maji. Nilichofanya ni kuweka silinda ya kupimia ya mililita 500 juu ya mizani ya kidijitali, nje, kivulini, nikairudisha mizani kwenye sifuri na kumimina methanoli taratibu hadi mstarini. Kwa nyuzi 30, methanoli safi ya ujazo huo inapaswa kuwa na gramu 391 hivi. Ya dumu hili ilisoma 391. Methanoli yenye asilimia 10 ya maji ingesoma kama 405. Ya kupimiwa niliyowahi kuuziwa na mtu mwingine, kutoka pipa lililokuwa wazi, ikiwa imetiwa kwenye dumu kuukuu la mafuta ya kula lisilo na lebo yoyote, ilisoma 403. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na kwa hewa ya Dar pipa lililoachwa wazi halichukui muda kuharibika, achilia mbali mtu anayeongeza maji kwa makusudi.

Maji hayo yana gharama. Maji, potasi na mafuta vikikutana joto likiwepo, unapata sabuni. Badala ya gliserini kushuka chini na biodizeli kubaki juu, vyote vinashikana, na ukifika wakati wa kuosha unapata povu lisiloisha. Spiriti ya duka la dawa nayo isahau. Sehemu yake kubwa ni ethanoli na ina maji ndani, kwa kazi hii ni hasara tupu.

Kipimo changu ni lita 20 za methanoli kwa lita 100 za mafuta, yaani dumu moja kwa mafuta ya nusu pipa la lita 200. Potasi inategemea uchakavu wa mafuta na lazima uipime kwa kila mzigo. Joto naliweka nyuzi 55, silizidishi, kwa kuwa methanoli inachemka kwenye 64.7 na ikishaanza kuchemka inakutoka yote kama mvuke. Kazi ikiisha natumia methanoli hiyohiyo kujaribu matokeo: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, natikisa, naacha itulie. Ikiyeyuka yote, sawa. Vikibaki vitone vya mafuta vinateremka kama shanga hadi chini ya chupa, kuna mafuta ambayo hayajabadilika. Jaribio hili linataka nyuzi 20 hivi, kwa hiyo chupa zote mbili nazipoza kwanza kwenye maji ya barafu. Ukilifanya kwa joto la mchana wa Mlandizi litakupitishia mzigo usiostahili.

Kuhusu usalama nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona watu wanafanya mambo ya kutisha.

Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uweze kushika moto. Methanoli inahitaji 11 tu. Kwetu hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambayo hewa iko chini ya hapo, kwa hiyo dumu likiwa wazi mvuke wa kuwaka upo muda wote, Januari hadi Desemba. Na mchana wa jua mwali wake karibu hauonekani. Unaona hewa inatetema na majani yanageuka meusi, basi. Jiko la mkaa la jirani, sigara, swichi ya taa, waya wa pampu uliolegea, kimoja tu kinatosha. Mimi nafanyia kazi uani kwenye nafasi wazi, upepo ukitoka mgongoni, na mtungi wa kuzimia moto wa poda uko hatua chache. Mama anayekaanga mihogo nje ya geti langu tumekubaliana: siku ya kuchanganya hawashi jiko hadi nimwambie.

Dumu linavimba likikaa kwenye joto. Legeza kifuniko kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni. Kulisafirisha nilikodi Kirikuu yenye bodi wazi, madumu yamesimama wima na kufungwa kamba. Usiliweke kwenye buti la gari dogo wala kwenye basi la abiria, na bodaboda usiifikirie kabisa. Jamaa wa dukani walikagua wenyewe kamba zile kabla hatujaondoka, bila mimi kuwaomba, na kwa hilo nawapongeza.

Inapenya kwenye ngozi. Glovu nyembamba za hospitali hazifai, zinapitisha. Zinazofaa ni za mpira wa butili, na duka hili haziuzi, jambo ambalo sielewi kwa watu makini kiasi hiki. Zangu niliagiza. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke hata kidogo, na hata zile zenye kichujio cha mkaa hujaa methanoli haraka halafu hazikupi dalili. Dawa yake ni hewa wazi na vyombo vilivyofungwa: potasi naitia kwenye methanoli kidogo kidogo ndani ya dumu la plastiki ngumu lenye namba 2 kitakoni, nalifunga, nalizungusha, nasubiri, maana mchanganyiko hupata joto wenyewe. Kisha unavutwa kwa pampu kwenda kwenye mafuta bila kumiminwa.

Na tafadhali, sufuria weka mbali. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini. Mchanganyiko wa potasi na methanoli unaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, juu ya kimiminika ambacho chenyewe kinawaka. Nimeona video za vijana wetu wakichanganya ndani ya sufuria ya pilau jikoni. Nawaomba wasirudie.

Kumeza ndiko kubaya kuliko yote. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu, na 30 zinaweza kumuua. Inadanganya, kwa sababu mtu anaonekana amelewa kidogo, analala, na mara nyingi mateso yanaanza saa 12 hadi 24 baadaye: kutapika, kuhema haraka, macho kuingia ukungu. Ukishuku tu, usisubiri ukungu huo. Mpeleke hospitali na lebo ya dumu mkononi, waambie neno methanoli, kwa kuwa dawa ya kuizuia ipo na inafanya kazi ikiwahi. Ndiyo sababu sihamishii methanoli kwenye chupa ya maji ya Uhai wala ya soda, hata ya kazi ya dakika tano. Dumu langu linakaa kwenye banda lenye kufuli, na ufunguo sijampa mtu.

Gliserini inayobaki chini nayo ina methanoli ndani yake. Akina mama wa sabuni wananiomba kila mara, na kila mara nawakatalia. Nawaeleza sababu, ingawa inaniuma kuwanyima kitu ninachojua kingewafaa. Kuichemsha juu ya mkaa ili methanoli itoke ni kujenga mlipuko.

Bei siiandiki, inapanda na kushuka na dola, ukisoma mwezi ujao itakuwa imeshakuwa uongo. Kanuni ya kupata gharama ya lita moja ya biodizeli ni hii: chukua bei ya lita moja ya methanoli, igawe kwa tano, ongeza mafuta machafu, potasi, kuni au umeme wa kupashia joto na nauli. Linganisha na bei kikomo ya dizeli ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Methanoli ya dumu lililofungwa ni ghali kuliko ya kupimiwa, lakini ukiweka kwenye hesabu mzigo mmoja ulioharibika na kuwa sabuni, ya kupimiwa inakuwa ghali mara mbili.

Malalamiko yangu mengine kwa duka: hawauzi chini ya lita 20, jambo linalomfukuza anayetaka kujaribu lita moja ya mafuta kwanza, na huyo ndiye anayekwenda kwa wanaouza methanoli ya kupimiwa kwenye chupa. Wangeleta vyombo vidogo vyenye sili na lebo ileile. Madumu matupu hawayapokei, na nilipouliza nikaambiwa “tafuta matumizi, mama.” Dumu la methanoli halina matumizi mengine nyumbani, watu watalichotea maji. Yangu nimeyatoboa. Halafu Jumamosi wanafunga mapema, kwa hiyo anayetoka mbali aende siku ya kazi, asubuhi, kabla jua halijakali na foleni ya Barabara ya Morogoro haijaanza, ili madumu yasichemkie barabarani.

Nyota nne kati ya tano. Wakianza kupokea madumu matupu nitarudi kuongeza ya tano.