Traka ya nyota kwa sisi tulio karibu na ikweta: miezi saba na Star Adventurer 2i

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa: laki nane na nusu, ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mpiga picha wa safari aliyekuwa anahama Arusha. Ni Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher, pamoja na kabari yake (kitako cha kuiinamisha), jiwe la kusawazishia na kidarubini cha kulengea ncha ya anga, yaani ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Hicho kidarubini nimekitumia mara moja tu, na mara hiyo moja sikuona kitu. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo mtu anayeanza anaweza kutupa hela.

Kwa asiyejua traka inafanya nini: dunia inajizungusha, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyota hazitulii mbele ya lenzi. Kwa kamera yangu, Canon 600D ya zamani, na lenzi ya 135mm, nyota inahama zaidi ya pikseli mbili kila sekunde moja. Ukiacha shata wazi sekunde kumi huna nyota tena, una tambi. Traka inaibeba kamera na kuizungusha taratibu ifuate anga, mzunguko mmoja kwa siku. Sharti ni moja: mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Ukikosea hapo, hata mashine ya milioni tano haikusaidii.

Kabla ya kununua nilijaribu ya kienyeji. Mbao mbili, bawaba moja, bolti ya M6 umbali wa milimita 229 kutoka kwenye bawaba. Bolti hiyo inasogea milimita moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukiizungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu unafunguka kwa kasi ya nyota. Wazo si langu. Lilitoka kwa Mskoti aitwaye George Haig miaka ya 1970. Seremala alinitoza elfu kumi na tano, na kwa lenzi ya 50mm nilipata dakika moja safi kabisa. Kazi ni kukaa gizani unatazama saa na kuzungusha bolti kwa mkono huku mbu wanakula shingo. Bado namwambia kila anayeniuliza aanze na huo ubao. Ukikuchosha ndani ya mwezi, umepoteza elfu kumi na tano tu.

Nilipoanza kutafuta traka ya dukani nilisoma uzoefu wa Wazungu mpaka macho yakauma, na wote wanasifu kitu kilekile: kidarubini cha ncha ni safi, dakika tano umemaliza. Kwao ni kweli. Nyota ya Kaskazini iko juu, inang'aa, unaiweka kwenye alama na kuanza kazi. Sasa njoo Dar es Salaam, latitudo nyuzi 6.8 kusini. Nyota ya Kaskazini imezama, haipo. Ncha ya kusini ipo, lakini iko nyuzi 6.8 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na taa za watu, na nyota inayoikaribia, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata anga likiwa safi unaitafuta kwa shida. Mimi picha napigia Mpwapwa, kwa mjomba, na huko ncha ya kusini iko nyuma ya kilima. Hakuna kidarubini kinachopenya kilima. Traka ndogo zinazolengwa kwa leza ya kijani zina shida ileile, leza inataka nyota ya kuielekezea. Si kosa la waliozitengeneza, ni sisi tumezaliwa hapa.

Kwa hiyo nilichokagua ni vitu vingine. Kwanza kabari: inashuka mpaka nyuzi ngapi? Zipo za bei nafuu ambazo haziteremki chini ya nyuzi 10, na hizo kwetu ni mzigo. Hii inashuka mpaka sifuri, na ina skrubu za kurekebisha kidogokidogo juu-chini na kushoto-kulia. Pili, swichi ya N na S (kaskazini na kusini), maana kusini traka inazunguka upande mwingine. Usiku wangu wa kwanza niliisahau kwenye N. Picha thelathini, zote tambi, tena ndefu kuliko za bila traka! Tatu, umeme. Hii inakula betri nne za AA, zile za saa ya ukutani, na duka la jirani na mjomba halikosi. Traka nyingine, SkyGuider Pro ya iOptron, ina betri ya ndani ya kuchaji. Ni nzuri, ila mimi nilitaka kitu nisichohitaji kukichomeka ukutani.

Mzigo ulikuja kwa basi, na bolti ya kushikia kabari kwenye stendi ilipotelea njiani. Ni ya inchi 3/8. M10 haiingii, M8 inacheza. Nilizunguka Gerezani nusu siku mpaka fundi mmoja akanichongea kwa elfu nane, na yake ni ngumu kuliko ya kiwandani.

Namna ninavyolenga ni hivi. Simu ina programu ya kupima mwinamo: naiweka juu ya traka, nashusha hadi nyuzi 6.3, latitudo ya Mpwapwa. Kusini naipata kwa dira, mbali na gari na nondo. Hapo nimekosea labda nyuzi moja, na kwa lenzi ya 50mm kosa hilo ni chini ya pikseli moja kwa dakika nzima. Yaani piga tu. Kwa 135mm ni zaidi ya pikseli mbili, nyota zinaanza kuwa mayai. Basi nachagua nyota iliyo karibu na utosi, naikuza kwenye kioo cha kamera, naitazama dakika tano. Ikitambaa kuelekea kaskazini au kusini, nageuza skrubu ya kushoto-kulia kidogo. Ikizidi kutambaa, nimegeuza kinyume, narudi. Kisha nyota ya mashariki, safari hii kwa skrubu ya juu-chini. Mara ya kwanza ilinila saa mbili, sasa ni dakika ishirini na tano.

Jambo lingine usiloliona kwenye video zao: mhimili ukiwa karibu kulala, jiwe la kusawazishia linagonga mguu wa stendi. Geuza stendi mguu mmoja uelekee kaskazini, ili uwazi wa miguu miwili ubaki upande wa kusini, jiwe lipite. Halafu ning'iniza mfuko wa kokoto katikati, maana upepo wa Agosti kule hauna adabu.

Usiku wa pili balozi wa nyumba kumi alikuja na tochi. Stendi, kidude chenye kioo, kijana kutoka Dar: akajua tunapimiwa viwanja. Mjomba akamjibu, "Huyu mpwa wangu anapima mbinguni, ya kwako hayagusi." Akaketi, akapewa chai, hakuondoka mpaka saa nane.

Saa kumi alfajiri Kilimia kilikuwa juu ya mwembe. Picha 40 za sekunde 45, nikazirundika kuwa moja kwa Siril, programu ya kompyuta ya bure. Ukungu wa buluu unaozunguka zile nyota ulitoka, mwembamba, lakini upo. Mjomba aliishika simu muda mrefu. Yeye amezoea kuhesabu sita, akaniuliza hizi nyingine zimetoka wapi, na zile sita zake ni zipi. Nikamwonyesha kwa kidole moja moja.

Traka hii naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu bado natamani motori mbili na uwezo wa kujitafutia shabaha, na hizo ni hela nyingine. Ukipata iliyokwishatumika usitake kuonyeshwa kidarubini. Mwambie muuzaji aishushe kabari mpaka sifuri mbele yako, akaze skrubu zote, kisha wewe itikise kwa mkono. Ikicheza, shusha bei au ondoka.