TAHADHARI: Kuna jamaa anauza mfumo wa duka hapa Dodoma, angalieni kabla hamjalipa

Wadau wa Dodoma, kuna jamaa anazunguka madukani kuanzia Majengo sokoni mpaka Sabasaba, anauza mfumo wa mauzo na stoo kwa laki sita na nusu. Anakwambia ni programu huria, dunia nzima wanatumia, ina nyota elfu nne, yani alama za watu walioipenda kwenye mtandao wa kuhifadhi programu. Maneno matamu, hata mimi ningelipa.

Wiki iliyopita mama mmoja wa pembejeo aliyeuziwa mfumo huo akaniita, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga na bando la wiki linaisha siku 2. Nikafungua package.json, faili lenye orodha ya pakeji (vipande vya programu vya watu wengine ambavyo mfumo unavitumia), naona kawaida tu, ila kuna pakeji moja jina lake kama la ile maarufu, herufi moja tu imezidi. Kuingia ndani nakuta postinstall, amri inayojiendesha yenyewe, yani ukiinstoo tu, mfumo hujauwasha hata, yenyewe ishaanza kazi, inasoma .env, faili la siri lenye funguo za malipo, inazituma kwenye seva ya watu huko, halafu inachimba kripto kwa umeme wa mama wa watu. Nampigia jamaa ananiambia "kaka mi nimeikuta intaneti hivyo hivyo". Haya, na hela umeikuta intaneti?

Mchezo wa majina ni wa zamani, 2019 ilidakwa pakeji ya Python inaitwa jeIlyfish, hapo l ya kwanza ni I kubwa, huioni kwa macho, inaiba funguo za SSH, zile za kuingilia kwenye seva. Na hata ile halisi usiiamini kichwa kichwa: pakeji ya JavaScript inaitwa event-stream, mwaka 2018 mwenyewe alishachoka nayo akamwachia mtu aliyejitolea kusaidia, kumbe mwizi wa bitcoin.

Kwa hiyo nyota achana nazo, zinanunuliwa. Mwambie akufungulie orodha ya pakeji mbele yako, angalia nani anazitunza, mara ya mwisho lini, watu wakiripoti tatizo wanajibiwa au kimya. npm audit, amri ya kukagua pakeji, iendeshe, ila inajua matundu yaliyokwisharipotiwa tu, hii ya mama ilipita safi kabisa. Kuinstoo weka --ignore-scripts kwanza, ili amri kama ile postinstall zisijiendeshe zenyewe.

Kama ushauziwa, kuifuta haitoshi, badili funguo za malipo leo leo, tena kwa kompyuta nyingine. Mimi nipo Nkuhungu, leta laptopu nikuangalizie, soda tu inatosha.