Spana ya toki ya haidroliki kwa flenji za kiwandani: inapofaa na inapokwama

Kiwanda cha petrokemikali kinaposimamishwa kwa matengenezo, iwe Jubail (Saudi Arabia), Ruwais (Falme za Kiarabu) au Sohar (Omani), flenji (viungo vya mabomba vinavyofungwa kwa bolti) za kufungua na kufunga ni mamia. Muda mwingi haupotei kwenye kukaza. Hupotea siku ya kuwasha, pale flenji moja inapovuja, laini inapozwa upya, na gasketi (kizibo kinachobanwa kati ya flenji mbili) inabadilishwa huku mafundi wengine wote wakisubiri. Kifaa hiki, yaani spana inayokaza nati kwa toki (nguvu ya kuzungusha) iliyopimwa, ikisukumwa na mafuta ya pampu, kipimwe kwa hilo. Anayekinunua kwa kuwa kinakaza haraka kuliko spana ya nyundo atavunjika moyo kwenye nati ya kwanza, maana kukifunga kunachukua muda.

Seti inayofaa ni pampu ya shinikizo la bar 700 yenye matundu manne ya kutolea mafuta, spana nne za aina moja, na mipira yake ya mafuta. Nunua au kodi zote nne. Kwa spana moja, ukikaza bolti hii, ya jirani hulegea, na unazunguka flenji mara nyingi kurudisha kilichopotea. Spana nne zikikaza kwa pamoja, zikiwa zimeachana robo duara, flenji inafunga sawasawa, na bolti 12 zinamalizwa kwa vituo vitatu tu kila mzunguko. Hapa ndipo tija ilipo.

Sasa suala la grisi, ambalo ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mashine hii hupima nguvu ya kuzungusha nati, haipimi mvutano wa bolti. Katika nguvu hiyo, kama sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayovuta bolti. Zilizobaki huliwa na msuguano chini ya nati na kwenye meno. Chukua flenji ya inchi 8, klasi 600 (daraja la shinikizo), yenye bolti 12 za inchi 1⅛ na nati za soketi ya 46 mm. Ukitaka kila bolti ibebe kN 176 hivi (MPa 345), bolti kavu zitadai toki ya kama Nm 1,000. Zilizopakwa grisi ya molibdenamu, kwa kigezo cha toki (K) cha 0.15, zinatosheka na Nm 750. Tumia namba ya bolti kavu kwenye zenye grisi, na umezidisha mvutano kwa theluthi: gasketi imepondwa. Fanya kinyume chake, na flenji itavuja. Paka meno na ule uso wa nati unaogusa flenji, na grisi iwe ileile kwa bolti zote.

Kabla ya kukaza, hakikisha flenji zimelingana zenyewe. Mashine ina nguvu ya kutosha kuzivuta kwa lazima, na mvutano uliokusudiwa kubana gasketi unaishia kukunja bomba. Kisha kaza kwa asilimia 30 ya toki inayotakiwa, halafu 70, halafu 100. Malizia kwa kuzunguka duara kwa asilimia 100 hadi hakuna nati inayosogea. Gasketi huendelea kujilaza, kwa hiyo baada ya saa 4 au zaidi rudia mzunguko huo wa mwisho.

Udhaifu wake upo. Kiungio cha mpira kisichokazwa hadi mwisho huziba mafuta ya kurudi. Spana hukwama, na sili zake (vizuizi vya mafuta) zinaweza kupasuka. Jedwali la shinikizo na toki ni la modeli moja tu ya spana, kwa hiyo kusoma jedwali la modeli nyingine kunaharibu flenji nzima pasipo dalili. Mkono wa kuegemea, unaozuia spana yenyewe isizunguke, uwekwe kwenye nati ya jirani au sehemu imara, kamwe si kwenye bomba dogo au vali, na vidole vikae mbali nao: hapo ndipo watu hukatwa vidole. Penye uwezekano wa gesi, chukua pampu ya hewa badala ya ya umeme, lakini hewa ikiwa dhaifu kila pigo linakuwa la polepole.

Kwa bolti za inchi ⅞ kushuka chini, spana ya toki ya mkono inatosha na ni nyepesi. Kiwanda kinachosimama mara moja kwa miaka kadhaa kikodi seti pamoja na cheti cha upimaji cha kila spana na cha geji ya shinikizo, na kikague namba za cheti dhidi ya zilizochongwa kwenye kifaa kabla ya kutia saini ya kukipokea.