Maikrowevu ya kioo kitupu: nyota mbili

Muuzaji pale Kariakoo alimgeukia mpwa wangu: "Atakuwa anaitumia nani?" Na mimi, mnunuzi nisiyeona, nimesimama hapo hapo, hela mkononi.

Kupasha inapasha, kiporo cha wali kinatoka laini, sina neno. Tatizo ni uso wake: kioo kitupu, hakuna kitufe cha kupapasa. Ukigusa popote inalia "pii" ile ile, iwe Anza au Futa. Aliyeibuni alidhani asiyeona hapiki, au daima ana mtu wa kumbonyezea. Na msiniambie kioo na upofu haviendani! iPhone zina VoiceOver tangu 2009, Android zina TalkBack: kidole kinapita, sauti inataja, unagonga mara mbili. Hata simu ya kitochi ina kinundu kwenye 5, na hakuna aliyefilisika kwa kinundu.

Nimedondoshea gundi ngumu juu ya Anza, Futa na sekunde 30. Tone la Anza limeshabanduka, nadhani kwa mvuke na kufutafuta mafuta.

Kama huoni, tafuta ile ya vifundo viwili vya kuzungusha. Kwa kawaida hata bei yake iko chini.