Visu vya mfukoni kwa mkazi wa Dodoma: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ukimuuliza mtu wa Tanga au Dar es Salaam akushauri kisu cha mfukoni, atakwambia tafuta cha stenlesi, na kwa huko aliko yuko sahihi, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma. Dodoma ni habari nyingine. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi miezi yote. Adui wa kwanza wa kisu cha kukunja huku kwetu ni vumbi hilo. Linaingia kwenye bawaba, linakutana na mafuta, linageuka msasa. Kutu inakuja baadaye sana. Kwa hiyo nimevipanga visu hivi kwa kuangalia kwanza urahisi wa kusafisha na kunoa, halafu bei, halafu uzuri wa kuweka kwenye mkusanyiko.

Kazi zenyewe si za ajabu: kumenya chungwa, kukata kamba ya kiroba, kufungua mfuko wa mbegu, kugawana nyama ya mbuzi mnadani Msalato siku ya Jumamosi wakati kisu cha mchomaji kinazunguka meza nyingine. Bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha kwa yote hayo. Wenye mashamba ya zabibu msidanganyike: kupogoa ni kazi ya mkasi. Kisu cha mfukoni shambani kinakata kamba za kufungia matawi, basi.

1. Opinel namba 8, bapa la kaboni

Kisu cha Kifaransa, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890 na Joseph Opinel katika milima ya Savoie. Ukikishika unakielewa chote: mpini wa mti wa mviringo, bapa moja, pini moja, na pete ya chuma shingoni unayoizungusha ili bapa lisijifunge likakukata vidole. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Hakuna springi, hakuna tabaka za ndani za kufichia uchafu. Vumbi likiingia unafungua, unapuliza, unapitisha kitambaa, umemaliza. Visu vya kukunja vinavyosafishika hivyo ni vichache, na ndiyo sababu kubwa ya kukipa nafasi ya kwanza.

Namba zake ni za ukubwa. Namba 6 ina bapa la sentimita 7, namba 8 sentimita 8.5, namba 10 sentimita 10. Mwenye mkono mdogo achukue 6 au 7. Kuanzia 10 kwenda juu ni kisu cha jikoni kilichokubali kukunjwa.

Lawama yake kubwa duniani ni kwamba mpini ukilowa unavimba na bapa linagoma kutoka. Pwani hiyo ni kero ya kweli. Hapa utaiona labda Januari na Februari, na dawa yake ni ile wanayotumia wenyewe huko Savoie: gonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, ncha itachomoza kidogo, uivute kwa kucha. Kiangazi mambo yanageuka, mti unakauka na bapa linalegea kidogo. Hapo ile pete ndiyo inayokuokoa, kwa hiyo ukinunua iliyotumika angalia pete inazunguka kwa kubana kidogo, siyo kwa kuteleza yenyewe.

Bapani pameandikwa ama "Carbone", yaani chuma cha kaboni, ama "Inox", yaani stenlesi. Mimi nasema chukua Carbone. Kinanoleka haraka kwenye kinoo cha kawaida cha dukani, na kwa hewa yetu kavu ukikifuta baada ya kutumia hakikusumbui. Kikikata maembe na machungwa kitageuka rangi, kijivu chenye bluu kwa mbali. Hiyo siyo kutu, usiisugue na stilwaya. Ikishatulia inasaidia hata kuizuia kutu yenyewe. Ila kama kila wiki uko kwenye treni kwenda Dar, chukua Inox na usijitese.

Kwao Ulaya hakifiki euro 20. Huku hesabu na usafirishaji, au mpe pesa ndugu anayerudi likizo.

2. Victorinox

Jiji hili limejaa wizara na ofisi, na mtu anayechomoa kisu mezani ofisini hutazamwa vibaya. Akitoa kale kekundu ka Kiswisi hakuna anayeshtuka, watu wanaomba kuazima mkasi. Hiyo peke yake ni sababu ya kukinunua. Karakana ilifunguliwa na Karl Elsener mwaka 1884, na kisu cha maofisa, babu wa hivi vyekundu vya leo, kilisajiliwa mwaka 1897.

Kuna aina nyingi mpaka kichwa kinauma. Zinazofaa ni tatu. Classic, ndogo ya milimita 58, inakaa na funguo na ndiyo ya kumpa mama au shangazi. Spartan ya milimita 91 ina kizibuo, na huu ni mji wa mvinyo: chupa ya zabibu zetu wenyewe imeziba kwa koki, nyumba nzima inatafuta cha kufungulia, na mwenye Spartan anakuwa mtu wa maana ghafla. Ya tatu ni Pioneer, yenye mbavu za aluminiamu zenye vikwaruzo. Haina kizibuo, ila ina msharasi imara wa kutobolea ngozi na mkanda, na mbavu zake hazivimbi wala hazisinyai. Kwa mtu wa kazi za mikono Pioneer ingekuwa namba moja kama isingekuwa bei.

Udhaifu wa Victorinox zote ni zile tabaka za vifaa. Vumbi la Dodoma linajazana katikati mpaka vifaa vinafunguka kwa kukwaruza. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, fungua na kufunga humohumo ndani ya maji, kikaushe juani, halafu tone moja la mafuta kila bawaba.

Vya bandia vipo vingi. Kwenye shina la bapa kubwa pawe pamepigwa muhuri VICTORINOX na SWISS MADE, herufi kali zisizofifia. Msalaba ulioko mpini ukiwa ni stika inayobanduka kwa kucha, mrudishie muuzaji kwa heshima.

3. Okapi

Hiki kina undugu na historia yetu. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, nasi tulikuwa mojawapo. Miaka mitano baadaye Wajerumani haohao wakaanzisha Dodoma walipokuwa wakijenga reli. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini ni wa mbao, umepachikwa nyota na mwezi za chuma, na mgongoni kuna pete. Kukifungua kinalia kr-kr-kr, meno yanapita moja moja mpaka kijiloki. Kukifunga unavuta ile pete.

Ni cha bei nafuu, chuma chake cha kaboni kinanoleka vizuri, na mfugaji hatakilalamikia. Kwa nini basi ni cha tatu? Utengenezaji wake ni wa mkono mzito: kimoja kinabana, kingine kinacheza, lazima ukishike mwenyewe kabla ya kulipa. Halafu ule mlio. Jaribu kukifungua ndani ya daladala iliyojaa uone watu watakavyokupisha. Kuna nchi ambako jina la kisu hiki limeshachafuka kwa sababu ya wahuni, na sura hiyo inatembea nacho. Kwa mkusanyaji ni lazima awe nacho. Kwa matumizi, kitumie nyumbani na zizini.

4. Kisu cha mhunzi chenye ala

Hakikunjwi, kwa hiyo kwa haki kingekuwa nje ya orodha, lakini anayekusanya visu vya jadi akaanzia vya Ulaya na kumruka mhunzi wa hapa amenishinda. Vingi hufuliwa kutokana na springi za magari, chuma kizuri kabisa kikiivishwa sawasawa. Hapo ndipo penye kazi. Muulize fundi amekizima kwenye nini kilipotoka motoni, mafuta au maji, na kama alikirudisha motoni kidogo baadaye ili kisiwe cha kuvunjika. Fundi wa kweli atakujibu kwa raha na pengine akuonyeshe. Halafu omba tupa, ipitishe taratibu kwenye makali: ikishika kwa shida, chuma kimeiva, ikila kirahisi, umeuziwa nondo.

Mpini chagua mpingo au pembe ya ng'ombe. Ukiletewa mpini wa pembe ya swala, meno ya ngiri au kitu chochote cha mnyamapori, acha hapohapo hata kama ni kizuri cha kutoa machozi. Hiyo ni nyara ya serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuulizi kama ulijua.

5. Douk-Douk na Higonokami

Vya mkusanyaji. Douk-Douk ni ya Thiers, Ufaransa, tangu mwaka 1929: bati la chuma lililokunjwa kuwa mpini, na mchoro wa pepo wa visiwa vya Melanesia ubavuni. Nyembamba, inapotea mfukoni, na springi yake ni kali ya kuvunja kucha. Higonokami ni ya Kijapani, haina springi wala loki. Kidole gumba kikiachia kikono kidogo kilichoko nyuma ya bapa, bapa linaweza kufunga. Usimpe mtoto.

Cha kuacha dukani

Vile vya kufyatuka kwa kubonyeza kitufe, vyeusi, vyenye fuvu au nyoka mpini. Springi inakufa mapema, bapa halishiki makali, na askari akikikuta mfukoni maelezo yako yanaanza na kasoro.

Kabla hujatoa hela

Ukivizia visu vya zamani kwenye vyombo vya mtumba au vibanda vya Majengo, nenda asubuhi kuna mwanga. Fungua bapa, lishike karibu na ncha kwa vidole viwili, litikise kushoto na kulia. Likicheza, pini imelegea. Funga taratibu uangalie kama bapa linaingia katikati au linasugua ubavu. Kiinue kwenye mwanga: kati ya springi na mgongo wa bapa pasipite jua. Makali yaliyolika si tatizo, yatanolewa. Bapa lililonolewa mpaka limebaki jembamba kama sindano halirudi.

Muuzaji akikwambia "hiki orijino, sumaku haikamati", mwache. Chuma cha stenlesi kinachofaa kwa kisu kinakamatwa na sumaku. Kisichokamatwa ni kile cha vijiko na sufuria, hakishiki makali.

Kutembea nacho

Kisu cha kukunja mfukoni kwa mtu anayekwenda shambani au gereji hakina shida. Kukitembeza wazi kwa namna ya kutisha watu ni kosa kisheria, haijalishi urefu. Ukienda bungeni, mahakamani au uwanja wa Jamhuri siku ya mechi, kiache nyumbani. Uwanja wa ndege kiweke kwenye begi linaloshushwa chini, siyo la mkononi, hata kile cha milimita 58. Stesheni ya SGR mizigo inakaguliwa, kwa hiyo usikibebe ukitegemea kujieleza. Na ukimpa mtu kisu, mpini uelekee kwake. Kwa mzee, kifunge kwanza.

Mafuta na kunoa

Mafuta ya alizeti yamejaa mkoani na yanashawishi, lakini yakikaa kwenye bawaba yanaganda kuwa gundi na kukamata vumbi. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja, kisha ufute lililozidi.

Kunoa, jiwe la kawaida lenye upande wa kukwaruza na upande laini linatosha. Lilowanishe, laza bapa, inua mgongo mpaka kama digrii 20, sukuma kana kwamba unakata kipande chembamba cha jiwe lenyewe, idadi ileile kila upande. Yule fundi wa kunoa kwa baiskeli anayepita mitaani ni mzuri kwa panga na visu vya jikoni. Opinel usimpe. Jiwe lake linazunguka kwa kasi, cheche zinaruka, bapa jembamba linapata moto na kulainika, na mara tatu nne za hivyo zinamaliza chuma ambacho kingekaa na wewe miaka.