Vitundikio vya ukutani kwa duka la leso na vikoi Lamu: kipi ununue, kipi ukiache

Kabla ya kuuliza bei ya kitundikio chochote, chukua msumari mwembamba uende nao dukani. Tafuta pembe isiyoonekana, uusukume ukutani kwa mkono. Ukizama bila nyundo, hiyo ni lipu ya chokaa, na nyuma yake kuna mawe ya matumbawe. Ukikataa au kupinda, una lipu ya simiti. Ushauri wangu wote hapa chini unategemea jibu la msumari huo, kwa sababu nimeona vitundikio vizuri vikianguka na nguo zake kwenye ukuta usiovifaa.

Maduka mengi ya Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale wa Lamu, yamo ndani ya nyumba za mawe. Upana wa vyumba hivi uliamuliwa zamani na boriti za mkoko zilizobeba dari, na boriti haifiki mbali: mita mbili na nusu, karibu tatu ukibahatika. Ukisimamisha stendi katikati ya chumba kama hicho, mama aliyekuja na watoto wawili hana pa kugeukia. Nje nako hakufai. Usita ni mwembamba, punda wanapita na mawe na mifuko ya simiti, na shehena yao hukwaruza kila kilichochomoza. Kilichobaki ni ukuta.

Halafu kuna hewa yetu. Chumvi ya bahari huingia mpaka ndani ya droo, na chuma kisichokuwa na kinga nzuri huanza kutoa kutu kabla hujakizoea. Kwa muuza nguo kutu ni hasara maradufu, maana inahamia kwenye kitambaa. Doa la kutu kwenye leso nyeupe unaweza kulipigania kwa limau na chumvi juani, na huenda likafifia, lakini jozi hiyo huiuzi tena kwa bei yake.

Leso nayo ina masharti yake. Mteja wa leso husoma kwanza, hushika baadaye. Anasimama mlangoni, macho yanapita kwenye majina (yale maneno yaliyochapishwa kwenye leso), na akikutana na jina linalomhusu (la kumpa mama yake, la kumjibu jirani, la harusi ya wiki ijayo) ndipo anaingia na kuuliza rangi nyingine. Kitundikio kinachoficha jina kitakufanya ukunjue jozi thelathini kwa kila mteja, na jioni uzikunje tena. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na mikono yangu ndiyo iliyonifundisha kupanga vitu hivi kwa daraja.

Cha kwanza: fimbo za mbao juu ya ubao wa mgongo

Hiki hutakikuta kimefungwa kwenye boksi. Unamwendea seremala, na Lamu, namshukuru Mungu, maseremala hawajaisha. Mwombe mbao mbili za kusimama za mbambakofi au mvule, kila moja urefu wa mita moja na nusu, na fimbo nne za duara zinazolala kutoka ubao mmoja hadi mwingine, zikishikwa na mikono ya mbao.

Siri iko kwenye urefu wa mikono hiyo. Watu wengi huagiza ya chini iwe mirefu na ya juu mifupi, kama ngazi. Kwa leso, geuza. Fimbo ya juu kabisa itoke ukutani sentimita 32, inayofuata 25, kisha 18, na ya chini 11. Ziachane sentimita 25 kwenda chini. Sasa chukua leso, ambayo kwa kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110, ukunje ncha zake mbili nyuma ili theluthi ya katikati ibaki mbele. Hapo ndipo jina lilipo. Itundike juu ya fimbo, upande wenye jina ukiwa mbele. Leso ya juu itafunika mji (uwanja wa katikati) wa leso ya chini yake, lakini jina na pindo vitabaki nje. Kila jozi inachukua nusu mita ya ukuta, kwa hiyo ukuta wa mita tatu unaonyesha majina ishirini na manne kwa mara moja, na mteja anayasoma akiwa bado barazani. Na kwa kuwa fimbo za chini ziko karibu na ukuta, miguu ina nafasi.

Ubao wa mgongo ndio unaokiweka juu ya vingine vyote. Kwenye ukuta wa matumbawe huwezi kuamini tundu moja. Tundu moja huangukia kwenye jiwe zuri, la pili kwenye chokaa iliyochoka. Ubao unakuruhusu kutia skrubu sita au nane kila upande, na mzigo unagawanyika. Moja ikilegea, wenzake wanabeba.

Kuhusu mbao zenyewe, mbambakofi mchwa hawaupendi, nao haupindi ovyo wakati wa masika. Mvule pia ni mzuri. Mvinje ni rahisi kupata lakini mchwa wataugundua kabla yako. Kama kuna anayekushauri utumie fito za mkoko kwa kuwa ni za kwetu na zinapendeza, hakikisha zimemenywa ganda lote na kupakwa vanishi. Ganda la mkoko lina rangi nyekundu ya kutengenezea ngozi za wanyama. Zamani lilisafirishwa kwa majahazi kwa kazi hiyo hiyo. Unyevu ukiligusa, rangi hiyo inashuka kwenye kitambaa chako. Hata mbao nyingine zipake vanishi, mikono miwili au mitatu, uziache zikauke mpaka harufu iishe, maana leso hunywa harufu.

Cha pili: mikono inayofunguka kama kurasa

Hiki ni kile cha wauza mazulia: nguzo moja ukutani, na mikono kumi au zaidi inayozunguka kwenye bawaba, kila mkono umebeba kitambaa kimoja kilichonyooka. Mteja anafungua kama msahafu. Kwa vikoi hakina mpinzani, kwa sababu kikoi huonekana kwa mistari yake yote, si kwa kipande. Wenye maduka makubwa ya Malindi, wanaouzia wageni vikoi na vitambaa vya kitanda, mimi ningewapa hiki namba moja.

Kwa Lamu nakishusha kwa sababu mbili. Mkono wa sentimita 75 unahitaji nafasi ya kuzunguka, na chumba cha mita mbili na nusu chenye kaunta hakina nafasi hiyo. Pia mzigo wote unashikwa na sehemu moja ya ukuta. Ukikinunua, dai bawaba za shaba. Shaba itakuwa nyeusi kidogo lakini haiozi. Bawaba ya chuma kilichopakwa rangi itaanza kulia, kisha kudondosha unga mwekundu hasa pale nguo inapoanzia.

Hapa nieleze jambo la uzito, kwa sababu wauzaji hawalielezi. Nilipima jozi kumi za leso kwa mizani ya jirani yangu muuza mchele, zikawa kilo nne na ushei. Si nyingi. Lakini tuseme una mkono wa sentimita 40 wenye kilo 6, uzito ukiwa katikati yake. Kama braketi ina urefu wa sentimita 10 kutoka skrubu ya juu hadi ya chini, skrubu ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 12. Ukichukua braketi yenye urefu wa sentimita 20, inavutwa kwa kilo 6 tu. Mzigo ni ule ule, ukuta ni ule ule. Lipu ya chokaa huvumilia kubebeshwa kwenda chini, haivumilii kuvutwa nje. Kwa hiyo ukiwa dukani unachagua, weka rula kwenye braketi. Ndefu ndiyo yako.

Cha tatu: bomba la maji

Kwa madera, kanzu na mabuibui, vitu vinavyokaa kwenye hanga, mwendee fundi wa bomba. Bomba la mabati la nusu inchi, au la robo tatu kama linavuka zaidi ya mita moja na nusu, viwiko viwili, na sahani mbili za kufungia ukutani. Bomba lenyewe limechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, na zinki hiyo ni nene kuliko ile ya kung'arisha tu. Angalia sehemu moja: pale fundi alipokata hesi, zinki imetoka na chuma kiko wazi. Pakafunikwe kwa rangi ya zinki siku ile ile, usisubiri.

Liweke sentimita 30 kutoka ukutani. Likiwa karibu zaidi, mabega ya kanzu yatasugua chokaa na kutoka na vumbi jeupe, na kwenye buibui jeusi hilo huonekana toka barabarani.

Cha nne: nguzo zenye matundu na braketi za kuhamisha

Rafu zinapanda na kushuka upendavyo, nazo ni nzuri kwa vikoi vilivyokunjwa. Zinafaa zaidi kuta zilizonyooka, na kuta za nyumba za kale hazijanyooka; utajikuta unatia vipande vya mbao nyuma ili nguzo isimame wima. Kwa duka jipya la Malindi au Mokowe lenye lipu ya simiti, zipandishe daraja. Chagua zilizopakwa rangi ya unga iliyookwa, na kagua ndani ya matundu, maana hapo rangi hukosekana.

Cha tano: mikono ya kromu yenye vitufe

Inang'aa na inavutia, na kwa duka lenye vioo na kipoza hewa haina ubaya. Kwetu kromu hutoboka vidoa vidogo, na kutu hutembea chini yake bila wewe kuona. Ukiipenda sura hiyo, tafuta chuma cha pua, na uulize namba ya aina yake. Cha 304 karibu na bahari hupata madoa ya kahawia. Cha 316 kimeongezwa molibdeni na hustahimili chumvi zaidi. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha, kwa hiyo dai kuona namba kwenye risiti. Bei ya 316 ni kubwa, na ndiyo maana nimekiweka chini mpaka hapa.

Vya kuacha: wavu wa chuma na ubao wa mifereji

Wavu ndio nilioanza nao. Niliuagiza kutoka Mombasa, mweupe, mwepesi, bei nafuu, na kulabu zake hamsini ndani ya mfuko. Niliufunga kabla ya Ramadhani nikijivunia. Kila kulabu ilikuwa na ncha iliyokatwa bila kufunikwa. Kusi ilipoingia, ncha zile zikawa nyekundu, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimetenga jozi kumi na moja zenye madoa. Zilikuwa leso nzuri, nyingine zilikuwa na jina ambalo halikuchapishwa tena. Aliyeniuzia hakuwa na jibu. Tangu hapo sijaweka nguo kwenye chuma chembamba cha rangi, na sitamshauri mtu.

Ubao wa mifereji, ule mpana unaoingizwa kulabu popote, umetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukinywa unyevu, unavimba, na mfereji uliovimba hauachii kulabu wala hauipokei. Ukuta wa matumbawe hupumua unyevu mwaka mzima. Usiuweke juu yake.

Kufunga

Usitoboe penye nakshi za lipu wala kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na majengo yake yako chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa hiyo pita kwenye ofisi yao kwanza ukiwa kwenye nyumba ya kale. Vidaka vyenyewe tayari ni rafu. Panga humo kofia za kushona kwa mkono, hutapata kabati linalozipendeza zaidi.

Mwambie fundi azime pigo la nyundo kwenye drili. Matumbawe yatobolewe kwa kuzungusha tu, taratibu. Skrubu iwe ndefu, sentimita 10, ivuke lipu na kufika kwenye jiwe. Tundu likimomonyoka, lipanuliwe, kitiwe kigingi cha mbao ngumu kwa chokaa na mchanga, kiachwe wiki tatu au nne. Akikuletea simiti ili amalize leo, mkatalie. Simiti ni ngumu kuliko jiwe linaloizunguka, inafungia unyevu, na ikitoka hutoka na kipande cha ukuta.

Ukiagiza kitu kirefu kutoka Mombasa au Malindi, kumbuka kitashushwa Mokowe, kitapanda boti, kisha kitaingia vichochoroni juu ya punda au begani kwa hamali. Fimbo ya mita tatu haipiti kona za mtaa wa Mkomani. Omba ikatwe vipande viwili huko huko, uiunganishe dukani.

Vyote vikishafungwa, usitundike nguo siku hiyo. Tundika mifuko ya mchele yenye uzito mara mbili ya leso utakazoweka, uiache usiku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu pitisha kucha kati ya ubao na ukuta, juu kabisa. Ikipenya pale ambapo mwanzo haikupenya, mwite fundi arudi kabla hujafungua bando la kwanza.