Uzoefu wangu: reli na vijiti vya mninga kwenye ngazi ya zege

Seti niliyofunga ilichongwa kwa oda na karakana moja ya Dar es Salaam: reli ya mkono vipande 3 vya mita 3, nguzo 4 za sentimita 9 kwa 9, na vijiti vilivyokerezwa vya kusimama chini ya reli. Ngazi ni ya zege yenye vigae, ina mikondo miwili ya vidato 8, kila kidato kina upana wa sentimita 28 na kimo cha kama 17. Juu kuna korido yenye uwazi wa mita 2.1 kati ya nguzo na nguzo.

Mbao nimeipenda sana na kazi ya kukereza ilikuwa safi. Vipimo vya seti ya kwanza ndivyo vilivyokuwa vibaya, nikairudisha yote.

Kosa lilikuwa kwenye kiuno cha kijiti. Watu hupima nafasi kati ya vijiti pale chini penye mraba, wanaona sentimita 9 na nusu, wanaridhika. Lakini kijiti kilichokerezwa kina sehemu nyembamba, na hapo ndipo kichwa cha mtoto kinapoweza kupenya. Vijiti vya kwanza vilikuwa na mraba wa sentimita 4.5 na kiuno cha 2.8. Kwa vijiti viwili kila kidato, umbali kutoka katikati hadi katikati ni 14, kwa hiyo mwanya kiunoni ni sentimita 11.2. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka tufe la milimita 100 lisiweze kupita, na Marekani kipimo kinachotumika majumbani ni tufe la inchi 4, karibu sawa na hilo, ingawa kwenye ngazi yenyewe huruhusiwa inchi 4⅜. Kipimo cha milimita 100 kina mantiki popote penye watoto wanaotambaa. Unaweza kuweka vijiti vitatu kila kidato, ila ngazi inabanana na gharama inapanda. Mimi niliagiza vikerezwe upya kwa mraba wa 5 na kiuno cha 4.2, mwanya ukawa 9.8. Nenda karakana na kipimo cha kiuno kimeandikwa kwenye karatasi, usichague kwa umbo tu.

Tatizo la pili ni urefu. Vijiti viwili vilivyosimama kwenye kidato kimoja havilingani, kwa sababu reli inapanda. Kwa ngazi hii tofauti ni sentimita 8.5, yaani nusu ya kimo cha kidato. Seti ya urefu mmoja ukiikata juu ili ilingane, msumeno unaingia kwenye nakshi kwa kijiti kifupi, na macho yanaliona hilo kila siku. Agiza saizi mbili. Kwa reli ya sentimita 90 juu ya pua ya kidato (ukingo wake wa mbele), nilichukua vijiti 16 vya sentimita 90 na 31 vya sentimita 100 (16 vya ngazi, 15 vya korido, ambako reli iko sentimita 100 kutoka sakafuni). Ongeza viwili vya akiba kila saizi, jumla 51. Waambie pia waache mraba mrefu juu, kwa sababu hapo ndipo utakapokata.

Kuhusu mbao: mninga haupasuki ovyo ukiwa mkavu, na kiini chake kinastahimili mchwa vizuri. Ule mweupe wa pembeni haustahimili, bungua wanaupenda. Nilikataa vijiti vitatu vyenye weupe. Kama huna kipima unyevu, pima kijiti kimoja kwenye mizani ya jikoni, rudia baada ya siku nne. Kikiendelea kupungua uzito bado kinakauka. Vyote vilale ndani ya nyumba wiki mbili, vimetenganishwa kwa vipande vya mbao. Vikiegemezwa ukutani vinapinda.

Kufunga, anza na nguzo. Kila moja ina nondo ya milimita 16, sentimita 15 ndani ya zege na 20 ndani ya mbao, imeshikwa kwa gundi ya epoksi. Saruji usitumie: maji yake yanaingia kwenye mbao, ikikauka nguzo inalegea. Toboa kigae kwa biti ya vigae bila kugongesha dreli, ukifika kwenye zege ndipo uwashe kugonga. Kaa angalau sentimita 6 kutoka ukingo, la sivyo zege linabanduka. Safisha tundu: puliza, sugua kwa brashi, puliza tena. Vumbi likibaki, epoksi inashika vumbi na nondo inachomoka na gundi yake.

Reli usiikate kwa hesabu. Hesabu inasema mteremko ni digrii 31, ila vidato vya zege havilingani; vya hapa vilitofautiana kati ya sentimita 16.2 na 18.1. Ilaze reli juu ya pua za vidato, iguse nguzo zote mbili, chora mkato kutoka kwenye nguzo yenyewe. Kisha inyanyue hadi kimo chake, ibane kwa klampu, na upime kila kijiti mahali pake kwa timazi. Kila kijiti kiwe na namba ya penseli chini. Kazi hii ilichukua siku nzima na ndiyo iliyofanya maungio yakae bila kujaziwa.

Vijiti vinasimama kwenye nondo za milimita 10, sentimita 6 ndani ya zege na 6 ndani ya kijiti. Karakana nawapongeza hapa: matundu waliyatoboa kwenye mashine ya kukereza, yakawa katikati kabisa. Juu vinaingia kwenye mfereji uliochongwa upande wa chini wa reli, wenye upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 1, na kati ya kijiti na kijiti unajaza kipande cha mbao kwa gundi. Skrubu moja ya pembeni inatosha, lakini tanguliza tundu la milimita 3. Mninga ni mgumu, skrubu isiyotobolewa njia inakatika shingo, na kuitoa ni kuharibu kijiti.

Upana wa reli ulikuwa mabishano. Karakana walipendekeza sentimita 9 kwa sababu inaonekana ya kifahari. Mkono hauzunguki reli ya upana huo, na mzee anayeteleza anahitaji kuishika, kuigusa hakutoshi. Nilisimama kwenye 6, ubavu umekwanguliwa mfereji wa vidole.

Msasa namba 120, 180, kisha 240, na vanishi ya polyurethane mikono mitatu, wa kwanza umepunguzwa kidogo kwa thina. Ncha za chini zipakwe vanishi kabla ya kusimamisha vijiti, mara mbili. Nyumba inadekiwa kila siku, na maji ya kudeki hupanda kupitia ncha iliyokatwa hadi vanishi inaanza kumenyuka sentimita chache kutoka chini. Vijiti viwili vya korido nilivyosahau kupaka tayari vina alama hiyo baada ya masika moja, vilivyopakwa havina.